Pedi Moja au Pedi Mbili? Historia Fupi ya Gemu, na Swali la Dogo wa Pongwe Kuhusu Tuzo

Wiki hii hakuna staa aliyeachika wala aliyenunua gari jipya, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuandika kitu kinachoniwasha toka sikukuu. Ni habari ya gemu. Najua kuna watakaosema gemu ni mambo ya watoto, lakini kaeni kidogo. Humu ndani kuna historia, kuna hela, na kuna dogo mmoja aliyeniuliza swali nikabaki natoa macho.

Ilivyoanza

Hapa kwetu Pongwe (ya Tanga, barabara ya kwenda Muheza, siyo ile ya Unguja yenye mahoteli ya ufukweni) kuna banda la gemu ambalo naweza kusema nimekulia humo. Bati juu, mabenchi ya mbao, TV nne, PS2 tatu na PS3 moja iliyokuja baadaye. Lori la saruji likipita barabarani, TV zote zinatikisika. Mwenye banda simtaji jina, hapendi mambo ya mitandao. Sisi wote tunamwita Anko.

Idd iliyopita Anko aliandaa mashindano ya mpira. Vijana 16, mtoano, ukifungwa unatoka. Zawadi jezi na shilingi 30,000. Mimi nikapewa kazi ya kushika daftari na kuamua ubishi, maana nasifika kwa kuandika andika. Fainali ikaenda mpaka penati, watu wakapiga kelele mpaka bodaboda wa kijiweni wakaja kuchungulia. Bingwa akabebwa juu juu. Raha tupu.

Sasa wakati tunakabidhi zawadi, kuna dogo alikuwa amekaa kona yake ile ile ya siku zote, karibu na ukuta. Mpole, haongei sana, kamaliza kidato cha nne mwaka juzi kama nilivyomaliza mimi zamani kidogo. Akanifuata.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, vipi?"

"Kaka, mimi San Andreas nimeimaliza yote, mwanzo mpaka mwisho. Miezi saba. Sijawahi kupewa hata soda. Kwani mimi sichezi gemu?"

Nikacheka. Halafu nikaona yeye hacheki. Nikamwambia nitamjibu, nikaondoka zangu. Toka siku hiyo nimekuwa nasoma na kuuliza, na nikagundua kwamba swali la dogo ndilo hilo hilo watu wa gemu duniani wanabishana: gemu za kucheza peke yako na gemu za kucheza na wenzako, zishindanishwe kwenye tuzo moja au kila moja iwe na tuzo yake?

Hesabu ya banda

Kabla hatujaenda mbali, lazima muelewe banda linavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo dogo anapoanza kushindwa.

Mechi moja ya mpira kwa Anko ni shilingi 200, na anayefungwa ndiye analipa. Dakika kumi imeisha, mmoja ananyanyuka, mwingine anakaa. Ndani ya saa moja zinachezwa mechi sita, Anko anaingiza 1,200. Anayecheza peke yake hana wa kumfunga, kwa hiyo analipa kwa saa, shilingi 500. TV ni ile ile, umeme ni ule ule. Dogo akikaa saa mbili, Anko kapoteza 1,400 ambayo angeipata kwa watu wa mpira. Anko hana ubaya wowote na dogo, ila hesabu haimpendi dogo.

Halafu kuna suala la memori kadi. Kwa wale wadogo ambao hawakuikuta PS2: ile mashine haikuwa na pa kuhifadhia ulipofikia. Ulichomeka kikadi kidogo mbele, megabaiti 8 tu, ndicho kinachokumbuka. Pale bandani kadi ni moja kwa watu wote. Mara mbili dogo alikuta kazi yake imefutwa, kuna mtu alitaka nafasi ya kuhifadhi ligi yake ya mpira. Mara mbili akaanza upya. Ukisikia miezi saba, ujue siyo kwamba ni mzito. Alijenga nyumba, ikabomolewa, akajenga tena.

Anayecheza mpira hana shida hiyo. Mechi ikiisha imeisha, ushindi wake unahifadhiwa kwenye midomo ya watu.

Zilianza pedi mbili

Wengi tunadhani gemu zilianza na mtu mmoja na mashine yake, halafu baadaye intaneti ikaleta mambo ya kucheza na wenzako. Kwa sehemu kubwa ni kinyume.

Mwaka 1958, kwenye maabara ya utafiti ya Brookhaven, jimbo la New York, mwanafizikia mmoja alitaka wageni wa siku ya maonyesho wasiboreke. Akachukua kifaa cha maabara chenye kioo kidogo cha duara, akatengeneza tenisi ya nukta inayoruka. Ilikuwa na pa kushika pawili, kwa watu wawili. Ikaitwa Tennis for Two, yaani jina lenyewe linakwambia ni tenisi ya watu wawili. Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT wakatoa Spacewar!, vyombo viwili vya anga vinarushiana risasi, tena watu wawili. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ikatoa Pong. (Ndiyo, Pong. Imebaki "we" tu iwe ya kwetu.) Vijiti viwili na kidoti katikati, watu wawili wamesimama bega kwa bega kwenye baa ya Wamarekani.

Kwa nini wawili? Siyo kwamba wazee wale walipenda sana ushirikiano. Ni kwamba mashine haikuwa na akili ya kuwa mpinzani. Pong ya 1972 haikuwa hata na programu ndani yake, ilikuwa saketi tu zimeunganishwa. Ukitaka upinzani, njoo na mtu wako. Mashine inatoa uwanja, ninyi mnaleta mpira wenu wa maneno na kelele.

Kucheza peke yako kulikuja kushika kasi pale mashine zilipopewa ubongo. Mwaka 1978 Wajapani wakatoa Space Invaders, mwaka 1980 Pac-Man. Hapo mashine yenyewe ndiyo inakufukuza. Wenye biashara wakafurahi, kwa sababu mtu mmoja akiwa na sarafu moja anatosha, hana haja ya kusubiri mwenzake. Na hata hapo upweke haukuwa kamili, maana kioo kilibakiza alama za juu kabisa. Unacheza leo peke yako, lakini unashindana na mtu aliyecheza jana akaenda kulala.

Kilichobadilisha mchezo kabisa ni kuhifadhi. Gemu nyingi za zamani ukizima mashine umeanza moja. Mwaka 1986 Wajapani walipotoa The Legend of Zelda, mchezaji aliweza kuhifadhi alipofikia, akalala, akaendelea kesho. Inaonekana kitu kidogo, lakini ndicho kilichofungua mlango wa gemu ndefu kama riwaya. Bila kuhifadhi hakuna San Andreas ya mwaka 2004, hakuna God of War ya 2005. Kile kikadi cha megabaiti 8 anachogombania dogo ndiyo uti wa mgongo wa gemu zote za peke yako.

Upande wa pili nao haukulala. Mwaka 1993 ilikuja Doom, watu wakaunganisha kompyuta kwa waya kuwindana. Mwaka 2004 ikaja World of Warcraft, maelfu kwa maelfu ya watu ndani ya dunia moja. Mwaka 2017 Fortnite na Free Fire, mwaka 2018 PUBG ya simu. Leo kijana wa Pongwe mwenye simu ya kawaida na bando la siku anapigana na mtu ambaye hamjui jina wala nchi.

Kwa hiyo ukiniuliza nani kaka na nani mdogo, kaka ni pedi mbili. Lakini kukua kwa akili za mashine ndiko kulikozaa ile ya pedi moja, na imekuwa sanaa nyingine kabisa.

Bao na hadithi

Nikisema sanaa nyingine sitanii. Sisi watu wa pwani tulizijua zote mbili kabla ya umeme.

Nenda baraza yoyote jioni, Ngamiani au Chumbageni au hapa hapa kwetu, utakuta wazee na bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na wachezaji wawili. Mnamsikia nani akisifiwa? Fundi wa kucheza. "Yule mzee haachi kitu, nyumba yako anaila ukiwa unaiangalia." Umewahi kusikia mtu anauliza huu ubao kachonga nani? Hakuna. Mchongaji kafanya kazi kubwa, kapima mashimo, kalainisha mbao, lakini utamu wa bao wanautengeneza wale wawili waliokaa na wale kumi waliosimama wanaropoka.

Sasa kumbuka bibi akisema "Paukwa!" na ninyi mnajibu "Pakawa!" Hapo nani anasifiwa? Bibi. Wewe msikilizaji kazi yako ni kumfuata anakokupeleka, kuogopa pale alipotaka uogope, kulala na mawazo. Msimulizi mbaya anaua hadithi nzuri.

Gemu ya wachezaji wengi ni bao. Aliyeitengeneza kachonga ubao, na akichonga vizuri watu watarudi miaka na miaka. Gemu ya peke yako ni hadithi ya bibi. Aliyeitengeneza kakushika mkono toka mwanzo. Ukiwaweka mchonga bao na bibi msimulizi kwenye jukwaa moja uwaulize nani bora, utakuwa umewakosea wote wawili, kwa sababu hawakuwa wanafanya kazi moja.

Wakubwa wanafanyaje?

Tuzo za gemu siyo kitu cha jana. Waingereza walianzisha Golden Joystick mwaka 1983. BAFTA, wale wale wa filamu, walianza kutoa tuzo za gemu mwaka 1998. Lakini zinazotazamwa na vijana wengi leo ni The Game Awards, zilizoanza mwaka 2014 kule Marekani. Hizo ndizo nilizozichambua zaidi.

Kuna tuzo kubwa moja, gemu bora ya mwaka, humo wote wanashindanishwa. Halafu chini yake kuna kipengele cha gemu bora ya wachezaji wengi. Sasa tafuta kipengele cha gemu bora ya mchezaji mmoja. Hakipo. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nikasema aah, kumbe hata huko dogo kaonewa.

Nikaangalia orodha ya washindi wa tuzo kubwa toka 2014 mpaka 2024. 2014 Dragon Age: Inquisition. 2015 The Witcher 3. 2016 Overwatch. 2017 Zelda: Breath of the Wild. 2018 God of War. 2019 Sekiro. 2020 The Last of Us Part II. 2021 It Takes Two. 2022 Elden Ring. 2023 Baldur's Gate 3. 2024 Astro Bot. Washindi 11. Ambazo kimsingi zimejengwa kwa ajili ya kucheza na wenzako ni mbili tu, Overwatch na It Takes Two. Nyingine zote unaweza kujifungia chumbani na pedi moja ukazimaliza.

Umeona mchezo? Kipengele cha peke yako hakipo kwa sababu tuzo kubwa yenyewe ndiyo imekuwa yao. Wachezaji wengi wakapewa kile kidogo cha pembeni wanyamaze.

Na sababu yake siyo njama. Kura asilimia 90 ni za jopo la vyombo vya habari vya gemu, asilimia 10 ndiyo za watu wa kawaida. Sasa fikiria mwandishi wa habari za gemu. Anatumiwa gemu kabla haijatoka, anakaa nyumbani, anacheza peke yake, anamaliza, anaandika. Gemu ya hadithi inamkubali vizuri tu. Gemu ya wachezaji wengi kabla ya kutoka haina watu. Ni kama kumwita mtu aje kuusifia uwanja wa Mkwakwani siku ya Jumatatu asubuhi, hakuna mechi, hakuna Coastal, kuna nyasi tu. Ataisifia nini?

Tena gemu hizi hazikai sehemu moja. Mwaka 2017 PUBG iliingia kwenye wagombea wa tuzo kubwa kabla toleo lake kamili halijatoka: tuzo zilikuwa tarehe 7 Desemba, toleo kamili la kompyuta likatoka baadaye mwezi huo huo. Ubishi ukawa mkubwa, watu wakauliza unaipaje tuzo nyumba ambayo bati bado liko dukani. Lakini mamilioni walikuwa wameshahamia humo! Fortnite nayo ya leo siyo ile ya 2017. Kuna pia kipengele cha gemu zinazoendelea kuboreshwa.

Kwa hiyo bandani kwa Anko anayepewa zawadi ni wa kucheza na wenzake, na wa peke yake hapati hata soda. Huko duniani ni kinyume, wa peke yake wanabeba kombe kubwa na wengine wanapewa kipengele. Watu ni wale wale, gemu ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali alipokaa mwamuzi. Anko kakaa katikati ya kelele na sanduku la hela, anaiona mechi. Mwandishi kakaa chumbani na pedi moja, anaiona hadithi. Kila mmoja anatuza kile kilicho mbele ya macho yake, na anaamini kabisa kwamba ametenda haki.

Kwetu Afrika Mashariki

Hii siyo habari ya Wazungu na Wajapani peke yao. Wakenya walishatuletea Ma3Racer, ya kuendesha matatu kwenye simu, na Nairobi X, ya viumbe wa anga wanaivamia Nairobi. Ni gemu za kuijaribu peke yako. Lakini ukiangalia jina na hela vinakwenda wapi, ni kwenye mapambano. Mwaka 2018 dada mmoja wa Nairobi anayepiga Tekken alisajiliwa na timu ya nje kabisa, habari zikazunguka kila mahali. Alistahili, siyo mchezo. Lakini sijaona anayesajiliwa kwa sababu kamaliza hadithi.

Isipokuwa kuna huyu mmoja. Lual Mayen ni Msudani Kusini aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu mpaka akafikisha dola 300, akamnunulia laptopu. Kambini umeme wa kuchaji hakuna, jamaa anatembea saa kadhaa kwenda kuchaji. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu inaitwa Salaam, ya mkimbizi anayekimbia vita. Humo hushindi kwa kuua. Unapona kwa kukimbia, kutafuta maji na chakula. Mwaka 2018, kwenye jukwaa lile lile la The Game Awards, alipewa heshima maalumu.

Nilipoisoma habari yake nilifikiria sana. Gemu ya namna hiyo ukiiweka kwenye mizani ya "nani kamfunga nani" haina uzito hata wa unyoya. Lakini ni kitu ambacho mtu mmoja, akikaa nacho kimya, anaweza kutoka mtu mwingine. Kama kusingekuwa na pa kuitambua nje ya ushindani wa kawaida, nani angemuona?

Lakini subirini kwanza

Nilipompelekea Anko hoja hizi alinisikiliza huku anahesabu sarafu, halafu akanitupia swali la kiutu uzima.

"Sawa. Huyo anayecheza peke yake, kamshinda nani?"

Na jamaa yangu mmoja fundi simu naye akaongeza lingine. Ukuta huo utaujengea wapi? Baldur's Gate 3 unaimaliza peke yako, ila unaweza kuicheza watu wanne, na mwaka 2023 ilibeba tuzo kubwa na ya wachezaji wengi pia. It Takes Two mwaka 2021 vile vile. Elden Ring ni ya peke yako, ila ukizidiwa unamwita mtu mtandaoni aje kukusaidia. Halafu hata dogo mwenyewe, akasema, hachezi peke yake. Nyuma yake kuna watoto watano wanamwelekeza, "Pita kushoto! Polisi hao!" Hiyo nayo ni peke yake?

Hoja nzito hizo, sitaki kuzikimbia. Lakini naona zinajibika.

Kwanza, tusipime kwa idadi ya pedi. Tupime kwa swali hili: ondoa watu wengine wote, gemu inabaki? Overwatch ondoa watu, umebaki na majengo matupu. San Andreas ondoa wale watoto watano, hadithi iko pale pale, ila imekosa kelele. Baldur's Gate 3 ondoa watu inabaki, ongeza watu inazidi kunoga, basi iruhusiwe kuingia kote kuwili. Kuna kosa gani? Mtu anaweza kuwa mchonga bao na msimulizi pia. Wapo wazee wa hivyo, tunawajua.

Pili, kuhusu kumshinda nani. Dogo kaishinda kadi iliyofutwa mara mbili. Kashinda Kiingereza, maana ile gemu maelezo yake yote ni ya Kiingereza na shuleni alikuwa anakwepa somo hilo. Alikuwa na kidaftari, kila neno gumu anaandika, jioni anakuja kuniuliza, na mengine hata mimi nilikuwa siyajui, tunatafuta wote. Kashinda na lile la kila siku la "nyanyuka hapo, watu wanataka mechi." Ushindi ambao mwenzako hayupo kuulia hauonekani, lakini ni ushindi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ile tuzo kubwa ya wote ibaki, watu wanapenda kubishana na mimi napenda ubishi wao. Lakini chini yake ziwe mbili zenye hadhi sawa, moja ya bao na moja ya hadithi, na kila moja iwe na waamuzi wanaoijua. Ya wachezaji wengi iamuliwe na watu walioicheza miezi na miezi, wakaona watu wanabaki au wanakimbia. Ya mchezaji mmoja iamuliwe na waliofika mwisho wake kweli, siyo waliosoma muhtasari. Tukitenganisha hivyo hakuna anayepewa tuzo ya huruma, ila kila mwamuzi atalazimika kuangalia upande ambao kutoka kwenye kiti chake hauoni.

Bandani iliishaje

Nilimbana Anko wiki mbili. Pendekezo langu la kwanza lilikuwa tuweke saa, anayemaliza misheni kumi haraka ndiye mshindi. Dogo mwenyewe akalikataa. Akasema, "Kaka, sasa hiyo si mpira tena? Mimi sikuwa nakimbia." Akanifunga bao la mapema.

Mwisho tulifika hapa. Jumamosi moja kabla ya kuanza mechi, Anko alisimama akasema kuna kijana kamaliza San Andreas baada ya kufutiwa mara mbili, na banda linamtambua. Akamkabidhi memori kadi yake mwenyewe, imebandikwa plasta yenye jina lake, na saa kumi za bure. Thamani yake haifiki hata nusu ya ile jezi. Bingwa wa mpira hakufurahi, akasema kesho mtampa tuzo na anayelala usingizi mzuri. Watu wakacheka. Wengine walipiga makofi, siyo wengi, nisiwadanganye.

Dogo akaichomeka kadi, akaanza God of War. Jana nimempita pale kona yake, kafika mbali, na pembeni yake kuna dogo mwingine mdogo zaidi kashika kidaftari.

Sasa Idd el-Hajj inakuja na Anko hajaamua kama ile zawadi ya pili itakuwepo tena au ilikuwa ya kuninyamazisha mimi. Anasema ataangalia hesabu. Mimi nimemwambia wadau wangu ndio wataamua, na simu yake anaingia humu kimya kimya kusoma, namjua. Kwa hiyo dondosheni hapo chini: mngekuwa nyie Anko, mngetoa zawadi moja au mbili? Na kama kuna mtu humu aliwahi kumaliza gemu peke yake, usiku, hakuna wa kumwambia, atuambie ilikuwa gemu gani. Sisi hapa tutakupigia makofi.